Chai ya rangi, mlima wa Wuyi na "mwizi" wa Kiskoti

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimefulia au nimeoa. Hakuna hata moja. Nilikuwa na deni, na deni lenyewe ni la historia, ndiyo maana limechukua muda kulipa.

Iko hivi. Wakati fulani niliandika makala kuhusu chai kwenye gazeti moja (jina lake nalihifadhi). Nikamalizia kwa madoido kwamba kila kikombe cha chai tunachokunywa asubuhi pale kwa mama ntilie ni mtoto wa wizi: Mskoti mmoja, Robert Fortune, alijigeuza Mchina, akapenya hadi milima ya Wuyi, akaiba miche, miche ikapandwa India, na kutoka India ikaja Limuru, Usambara, Rungwe na Mufindi. Hadithi tamu. Watu wakanipongeza, mhariri akanipigapiga bega.

Siku ya tatu nikapigiwa simu na mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, kutoka Tukuyu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika ile ya chai?"

Nikajibu kwa fahari kwamba ndiye.

"Umeandika vizuri. Ila chai yetu ya huku jani lake ni kubwa, linakaribia kiganja changu. Hilo ni la Assam. La China ni dogo. Sasa huyo mzungu wako aliiba nini kilichofika kwangu?"

Nikabaki mdomo wazi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimefika Wuyi kwa miguu yangu mwenyewe. Mwaka 2019 nilikwenda Beijing kwa kozi fupi ya uandishi wa habari, na kozi ilipoisha tukapelekwa siku chache mkoa wa Fujian. Nimeuona mlima, nimekunywa chai yake, nimepiga picha kibao, halafu nimerudi nyumbani nikaandika kitu nilichokisoma kwenye intaneti. Basi leo naanza upya.

Wuyi iko kaskazini magharibi mwa Fujian, mpakani na mkoa wa Jiangxi. Kilele chake kirefu kinavuka mita 2,100, lakini watalii hatupelekwi huko. Tunapelekwa kwenye majabali mekundu ya chini, ya mita mia kadhaa tu, yaliyosimama wima kama mikate iliyokatwa kwa kisu. Katikati yake unapita mto mdogo uitwao Jiuqu, yaani mikunjo tisa. Unakaa kwenye kiti cha mianzi juu ya chelezo cha mianzi, watu wawili wanakusukuma kwa miti mirefu, na kwa saa moja na nusu hivi unashuka kilomita tisa na ushee kutoka mkunjo wa tisa hadi wa kwanza. Maji ni kijani, majabali ni mekundu, na yule wa mbele hanyamazi. Kila jiwe lina hadithi: hili kobe, lile bikira, lile jini.

Kuna mahali akanyoosha mti wake juu kwenye ufa wa jabali. Nikaona mbao zimechomekwa. Kumbe ni makaburi. Watu wa kale walizikana humo ndani ya majeneza yenye umbo la mashua, na yaliyopimwa yana zaidi ya miaka 3,000. Namna walivyoyapandisha pale juu wataalamu bado wanabishana. Mimi nilibaki kuwaza tu kwamba watu hao walimpenda marehemu wao kweli, au walimwogopa sana.

Karibu na mkunjo wa tano kulikuwa na chuo cha Zhu Xi. Kama hujawahi kumsikia, usijisikie vibaya, na mimi nilikuwa simjui. Aliishi kati ya 1130 na 1200, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi maeneo hayo. Mwaka 1183 akajenga chuo chake chini ya jabali, akafundisha mafundisho ya Konfusio kwa tafsiri yake mpya. Zaidi ya miaka mia moja baada ya kufa kwake, tafsiri hiyo ikafanywa ndiyo msingi wa mitihani ya kuajiri maofisa wa serikali, na ikaendelea hivyo kwa karne kadhaa. Fikiria: vijana wa China, karne baada ya karne, wanakariri maelezo ya mwalimu mmoja aliyekuwa akinywa chai kando ya mto huu. Sisi na mitihani yetu ya Baraza hatujafikia hapo. UNESCO walipoiweka Wuyi kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1999, waliiweka kwa sababu mbili kwa pamoja, maumbile na utamaduni, na Zhu Xi ni sehemu kubwa ya hiyo ya pili.

Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya chai, kwa hiyo tuingie huko.

Mwaka 1302, enzi ya Wamongolia wa nasaba ya Yuan, serikali ilianzisha bustani ya chai ya mfalme kwenye mkunjo wa nne wa mto. Kila mwaka chai ya kwanza ilikuwa ya ikulu. Na ilikuwapo sherehe ambayo nimeipenda kupita zote: majira ya kuchipua yalipokaribia, maofisa walipanda jukwaani wakiwa na watu wao, ngoma zikapigwa, wote wakapaza sauti kuuambia mlima, "Chai, chipua! Chai, chipua!" Serikali inaamrisha majani. (Msicheke. Mnajua wenyewe tumeshaona maagizo ya namna hiyo kwetu.)

Tatizo la kodi ya namna hii ni kwamba mfalme haoni mlima. Anaona kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi. Mfalme wa kwanza wa Ming alipofuta chai za kugandamizwa za kodi mwaka 1391, akitaka majani makavu ya kawaida, mzigo ulipungua upande mmoja, lakini madai ya maofisa yaliendelea. Mwisho bustani ilidhoofika kabisa, na mwaka 1557 ikafungwa. Kiswahili chetu nacho kina ujanja wake hapa, maana ofisa wa kwetu anapokuambia "lete chai" mara nyingi hamaanishi majani. Nilipomweleza mwenyeji wetu maana hiyo ya pili, alicheka hadi akamwaga kikombe.

Sasa hapa ndipo Wuyi ilipojizaa upya. Katika karne zilizofuata, watu wa milima hiyo wakabuni, au wakakamilisha, aina mbili za chai ambazo dunia haikuwa nazo. Ili tuelewane, nieleze kwanza jani linafanywa nini. Jani bichi likichumwa huanza kunyauka. Likichubuliwa na kuachwa hewani, linabadilika rangi kama ndizi iliyomenywa ikasahauliwa mezani. Ukiliwahi kwa moto kabla halijabadilika, unapata chai ya kijani. Ukiliacha libadilike kabisa ndipo ulikaushe, unapata hii yetu, ambayo Wazungu huiita nyeusi na Wachina huiita nyekundu. Mti ni ule ule. Tofauti ni muda na mikono.

Watu wa Wuyi wakasimama katikati. Jani linatikiswa kwenye ungo wa mianzi, linapumzishwa, linatikiswa tena, usiku kucha, ili kingo zake zichubuke na kuwa nyekundu huku katikati pakibaki kijani. Kisha moto. Kisha linasokotwa, halafu linaokwa polepole juu ya mkaa, na kuokwa kwenyewe ni kazi ya fundi anayenusa tu, hana saa wala kipimajoto. Hiyo ndiyo oolong ya majabalini, chai ya miamba. Miti yake hupandwa kwenye vipande vidogo vya udongo kati ya mwamba na mwamba, ndani ya makorongo yenye kivuli. Nilipoinywa mara ya kwanza, kusema ukweli, nilihisi nakunywa kuni. Kikombe cha nne ndipo ladha ikaja, tamu, nyuma ya ulimi. Wenyewe wanaiita mahadhi ya mwamba.

Aina ya pili inatoka kijiji cha Tongmu, juu zaidi, ndani ya hifadhi. Majani yake hukaushwa kwa moshi wa kuni za msonobari. Wanasimulia kwamba zamani askari walipita kijijini, wakalala juu ya majani yaliyochumwa, asubuhi yakakutwa yamegeuka rangi, na wanakijiji kwa kuogopa hasara wakayakausha harakaharaka kwa moshi wa msonobari ili wayauze. Kama ni kweli au si kweli, chai hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza kabisa katika jamii ya chai nyeusi duniani. Kwa maneno mengine, ile chai ya rangi unayonywea chapati ina bibi yake Tongmu. Sizungumzii mti, nazungumzia namna ya kuipika. Nitarudi kwenye hilo.

Wazungu walipoanza kununua chai hizi, hawakuweza kulitamka jina Wuyi. Walilisikia kwa lahaja ya Fujian, wakaandika Bohea. Karne ya 18 Bohea ilikuwa jina la chai London nzima. Hata Linnaeus, yule bwana wa kuvipa mimea majina, mwaka 1762 aligawa chai kuwa miti miwili tofauti: mmoja wa chai ya kijani, mwingine akauita Thea bohea. Alikosea. Lakini jina la mlima likaingia kwenye vitabu vya sayansi.

Na mnakumbuka lile tukio la Boston tulilosoma sekondari? Desemba 16, 1773, wakazi waliokasirishwa na kodi ya Mwingereza wanapanda melini usiku na kumwaga chai baharini. Yalikuwa masanduku kama 340, na 240 kati ya hayo yalikuwa Bohea. Mwalimu wetu wa historia alituambia kuhusu kodi, uhuru, Marekani, kila kitu. Hakutuambia kwamba sehemu kubwa ya kilichozama bandarini siku ile kilikuwa kazi ya wakulima wa China, ambao hawakujua kuna mji unaitwa Boston.

Hebu nisimame hapa kidogo, maana hii ndiyo sehemu iliyonigusa. Chai hiyo ilifikaje baharini? Hadi 1842 Wazungu waliruhusiwa kufanya biashara Canton tu, mbali kusini. Kwa hiyo chai ya Wuyi haikushuka mto kwenda pwani ya karibu. Ilibebwa na wapagazi kuvuka milima kuingia Jiangxi, ikapakiwa mashuani, ikashuka mito, ikavuka ziwa, ikapanda mto mwingine, ikabebwa tena mabegani kuvuka njia ya mlimani, ndipo ikaanza kushuka Canton. Wiki nyingi njiani. Chai ya kawaida mpagazi alibeba masanduku mawili. Chai bora alibeba moja, limefungwa kwenye miti miwili ya mianzi, na alipopumzika aliisimamisha miti hiyo chini ili sanduku lenyewe lisiguse ardhi kamwe, tangu mlimani hadi mwisho wa zamu yake. Sisi tunaotoka nchi ya njia ya misafara ya Ujiji na Bagamoyo tunajua mzigo wa kuvushwa nchi kavu unamaanisha nini. Pembe ya ndovu ililazwa chini wapagazi walipochoka. Chai bora haikulazwa.

Njia nyingine ilikwenda kaskazini. Baada ya mkataba wa Kyakhta, uliotiwa saini miaka ya 1727 na 1728, Warusi na Wachina wakafungua soko la mpakani huko Siberia. Wafanyabiashara wa mkoa wa Shanxi wakawa wanashuka mpaka Xiamei, kijiji kidogo chini ya Wuyi chenye mfereji katikati ya nyumba, wananunua, kisha wanasafirisha kwa mashua, kwa miguu na kwa ngamia hadi Kyakhta, maelfu ya kilomita. Kijiji bado kipo. Mfereji bado upo, na bata wake.

Na hapa kuna kichekesho cha lugha. Watu wa pwani ya Fujian, mkoa wenye Wuyi, huiita chai "te". Waholanzi walilichukua neno hilo bandarini kwao, likazaa la Waingereza, la Wafaransa na la Wajerumani. Lakini karibu China yote iliyobaki husema "cha". Neno hilo lilisafiri nchi kavu, Waajemi wakasema "chay", Warusi, Waturuki na Wahindi wakafuata, na kwetu likafika kwa njia hiyo ya Waajemi na Wahindi. Kwa hiyo mtu akisema "chai" Kariakoo, anatumia neno la njia ya ngamia. Akienda hotelini Masaki akaagiza kwa Kiingereza, anatumia neno la meli. Kikombe ni kile kile, bei tu ndiyo tofauti.

Sasa tuje kwa mwizi wangu.

Robert Fortune alizaliwa Scotland mwaka 1812, akawa fundi wa bustani. Baada ya Vita vya Kasumba na mkataba wa 1842 alikwenda China mara ya kwanza, na huko akathibitisha kwamba chai ya kijani na nyeusi zinatoka kwenye mti mmoja. Mwaka 1848 Kampuni ya India Mashariki ikamwajiri kwa pauni 500 kwa mwaka, akaambiwa alete mbegu, miche na mafundi wa kuanzishia mashamba ya Himalaya. Mkataba haukumruhusu mgeni kwenda ndani ya nchi. Akanyolewa kichwa, akaunganishiwa msuko wa nywele mgongoni, akavaa nguo za Kichina, na walipoulizwa wakasema ni bwana mkubwa kutoka mkoa wa mbali, nje ya Ukuta Mkuu. Mwaka 1849 alifika Wuyi akiwa na mtumishi wake, ambaye kitabu chake kinamwita Sing Hoo. Watawa wa Kibudha wakampokea hekaluni, wakampa chakula na chai. Kwa maandishi yake mwenyewe, alitoka huko na miche midogo kama 400.

Aliiba? Mengine alinunua, mengine aliomba. Kwa wakati huo hapakuwa na sheria ya hataza kwa jani. Lakini alikula chakula cha watu huku akiwadanganya yeye ni nani na amefuata nini, na aliowadanganya ndio waliokuja kupoteza soko. Mimi kwetu hilo nimefundishwa kuliita kwa jina lake. Naomba mniachie neno mwizi, ila nimeliweka kwenye alama za mtajo, muone nimekuwa mpole.

Shehena zake za mwanzo ziliharibika njiani. Baadaye akapata mbinu ya kuotesha mbegu ndani ya masanduku ya kioo yaliyofungwa, zikawa zinachipua melini, na mwaka 1851 akafikisha maelfu ya miche India, pamoja na mafundi wa Kichina wa kutengeneza chai. Mafundi hao ndio hasa mzigo wa thamani. Mche unaweza kuota popote penye mvua na udongo wa tindikali. Mikono inayojua lini jani limeiva kwa kusokotwa haiotoki kwenye sanduku la kioo. Lakini tazama mwenyewe: Fortune ana vitabu na vipindi vya televisheni, na mafundi wale hutajwa kwa idadi tu.

Na hapa ndipo mzee wa Tukuyu alipokuwa sahihi. Fortune hakuwa wa kwanza. Mwaka 1823 Mskoti mwingine, Robert Bruce, alionyeshwa na wenyeji wa Assam miti ya chai iliyokuwa inaota kwao, na wenyeji hao walikuwa wakiitumia siku zote. Miaka ya 1830 Waingereza walishaleta mbegu na mafundi kutoka China na kujaribu huko huko Assam. Januari 1839, miaka tisa kabla Fortune hajaajiriwa kwa kazi hii, chai ya Assam ilikuwa tayari imeuzwa mnadani London. Darjeeling nako walishapanda mbegu za China mwaka 1841. Miche ya Fortune ilikwenda kuongezea kwenye milima ya Himalaya, mahali pa baridi panapolifaa jani dogo la China. Mashamba makubwa ya tambarare yalikuja kuegemea jani kubwa la Assam na machotara wake.

Mche uliopandwa Limuru mwaka 1903 ulitoka India. Wajerumani nao walijaribu chai Amani, Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, na huko Rungwe pia. Zao hilo likakua hadi Kenya leo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi, na mnada wa Mombasa, uliohamia hapo kutoka Nairobi mwaka 1969, unauza chai ya nchi nyingi za ukanda wetu, ya kwetu ikiwemo. Sehemu kubwa ya miti hiyo ni ukoo wa Assam. Kwa hiyo ile sentensi yangu tamu, mtoto wa wizi wa Wuyi, haikuwa kweli kwa damu. Kilichotoka Wuyi na kutufikia ni ufundi: kunyausha, kusokota, kuacha libadilike, kukausha. Ufundi huo umepita kwa Wachina waliopelekwa Assam na Himalaya, ukaingizwa kwenye mashine za Kiingereza, ukafika viwandani kwetu. Habari hiyo haina nywele za bandia, ndiyo maana hakuna anayeisambaza.

Mchana wa mwisho tulikwenda kuona miti maarufu kuliko yote, Da Hong Pao, yaani Joho Kubwa Jekundu. Unatembea kwenye korongo, kijito kando yako, chai imepandwa kila penye kiganja cha udongo. Mwisho wa njia, juu ya jabali, kuna kijukwaa cha mawe na vichaka sita. Sita tu. Maandishi mekundu yamechongwa pembeni. Wanasema ina umri wa zaidi ya miaka 300, na kwamba mwanafunzi mmoja aliyeponywa na chai hiyo akiwa njiani kwenda kwenye mtihani alirudi na joho la heshima alilopewa na mfalme, akaufunika mti nalo. Mwaka 2002 gramu 20 za majani ya miti hiyo ziliuzwa Guangzhou kwa yuan 180,000. Gramu 20 ni za kupikia birika chache tu. Mavuno ya mwisho yalikuwa 2005. Mwaka uliofuata serikali ya mji ikapiga marufuku kuichuma, na 2007 gramu 20 za mwisho zikapelekwa Makumbusho ya Taifa, Beijing. Inayouzwa madukani kwa jina hilo ni ya vipandikizi vyake, au mchanganyiko wa miti mingine ya pale pale. Ukiuziwa "mti mama" Kariakoo, shauri yako.

Pale chini ya jabali kuna kibanda wanauza mayai yaliyochemshwa kwenye chai. Nikanunua mawili. Nikakaa kwenye benchi nikitazama vichaka sita visivyochumwa, na nikamkumbuka shangazi yangu aliyechuma chai Mufindi miaka mingi. Kwao hesabu ni ya kilo. Kikapu kinapelekwa mzanini, kinapimwa, jani likiwa limekomaa linarudishwa. Hakuwahi kuonja chai ya daraja la juu aliyoichuma, maana nyumbani walikunywa ile ya kupima dukani. Na hapa Wuyi kuna vichaka vyenye ulinzi kuliko benki, vilivyokatiwa bima, majani yake yako makumbusho. Sikujua nikasirike au nicheke. Nikala yai.

Tongmu hatukufika. Kijiji kimo ndani ya hifadhi, ambayo mwaka 2021 ilitangazwa kuwa miongoni mwa hifadhi tano za kwanza za taifa za China, na raia wa nje hawapiti getini bila kibali. Mwenyeji wetu alitania kwamba wageni wamezuiwa kwa sababu ya Fortune. Ni utani, hifadhi ina ndege na nyoka wake wa kulinda. Lakini alipoutoa utani huo hakucheka kwa muda mrefu. Mwaka 2022 UNESCO wakauingiza ufundi wa jadi wa kutengeneza chai wa China kwenye orodha ya urithi usioshikika, na wa chai ya miamba ya Wuyi umo. Nilifurahi kwamba safari hii walioandikwa ni mikono, siyo mche.

Wiki iliyopita nilimpigia tena yule mzee, nikamsomea haya yote kwenye simu, salio likaisha mara mbili. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nilirudi na ile chai ya moshi. Nikamwambia nimebakiwa na robo ya paketi.

"Basi itume kwa basi," akasema. "Nami nitakutumia ya kwangu, tuone ipi inakubali maziwa."

Paketi imeondoka Ubungo jana asubuhi.